Kupima Elimu ya Mtandaoni: Kwa Walimu na Wanafunzi wa Lugha wa Kamango, Beni na Butembo

Kamango, makao ya uchifu wa Watalinga katika eneo la Beni, imekaa chini ya milima ya Ruwenzori karibu na mpaka wa Uganda, mahali ambapo mtu mmoja aweza kusema Kitalinga nyumbani, Kinande na Kiswahili sokoni, na Kifaransa darasani, kisha akivuka mpaka kwenda Bundibugyo akalazimika kukijua Kiingereza, kwa kuwa huko ndicho lugha ya shule na ya serikali. Hali hiyo si ya jana, lakini ilizidi nguvu Julai 2013, pale Kamango iliposhambuliwa na waasi wa ADF na watu zaidi ya 60,000 wakakimbilia ng'ambo kwa muda wa siku chache, na watoto waliokaa huko wakakutana na mwalimu asiyesomesha kwa Kifaransa. Tena, tangu Kongo ilipotia sahihi mkataba wa kuingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 8 Aprili 2022, haja ya Kiingereza imekuwa ya mfanyabiashara na ya karani vilevile. Na pale Beni, Université Chrétienne Bilingue du Congo inasomesha kwa Kifaransa na Kiingereza tangu 2007.

Haja ikizidi, njia za kuitimiza nazo hutafutwa. Katika shule nyingi za pande hizi maktaba ni kabati moja lenye vitabu vilivyochakaa, hata simu ya mkononi imekuwa ndiyo maktaba yenyewe: mwalimu hununua megabaiti zake, hungojea usiku mtandao utulie, akatafuta somo la kesho, na mwanafunzi wa chuo cha ualimu, ambaye hana budi kuandika ile kazi ya mwisho tuliyozoea kuiita TFC, hutafuta humo humo sarufi, kamusi na makala za wanazuoni. Shida yao si uchache wa mambo. Shida ni kwamba yaliyo sahihi na yaliyo batili huonekana katika kioo kile kile, kwa herufi zile zile na kwa lugha ya kujiamini ile ile, wala hakuna msimamizi wa maktaba aliyeyapanga kabla hayajawafikia.

Wengi wamekwisha kuandika juu ya namna ya kupima tovuti, na aghalabu hutoa orodha ya maswali ya kujazwa. Siikatai orodha hiyo, lakini naona imeacha jambo lililo kubwa kwetu sisi wa Kivu. Elimu ya lugha ni ya namna mbili kwa mtu anayeitafuta: iko ile ambayo yeye mwenyewe ni shahidi wake, kwa kuwa lugha inayotajwa ni lugha ya mama yake, na iko ile ambayo hana budi kutafuta mashahidi wengine, kwa kuwa lugha yenyewe ni ya kigeni na sikio lake halijaizoea. Njia ya kupima hii si njia ya kupima ile, na mwenye kuzichanganya huishia kuamini asichostahili kukiamini na kujidharau pale alipopaswa kusema.

Nianze na ile ya kwanza. Watu wengi wa Butembo hawajui ya kwamba Kinande ni miongoni mwa lugha za Kibantu zinazotajwa sana katika isimu ya ulimwengu, hata mwanafunzi wa Vancouver au Los Angeles ambaye hajapata kuiona Kivu kwenye ramani huzifanyia mazoezi irabu na toni zake. Na walioileta hapo si wageni peke yao. Nzama Valinande aliandika tasnifu yake juu ya muundo wa Kinande katika Chuo Kikuu cha Georgetown mwaka 1984. Ngessimo Mutaka, aliyesomesha miaka mingi Yaoundé, aliandika juu ya toni za Kinande kitabu kilichotoka mwaka 1994, na pamoja na Kavutirwaki akatunga kamusi ya Kinande na Kiingereza inayochukua na Lukonzo ya ng'ambo ya pili. Hao ni wazawa wa lugha yenyewe. Basi msomaji akiiona tovuti isemayo habari za Kinande bila kumtaja hata mmoja wa watu hao, wala kutaja kazi yoyote iliyofanywa na watu waliokaa na wasemaji, ana haki ya kuuliza yule mwandishi ameyapata wapi.

Lakini kutaja majina hakutoshi, na mfano wa irabu utalibainisha jambo hili. Tahajia ya kawaida ya Kinande ina irabu tano, kama ya Kiswahili, na ziko kurasa zisemazo kwa sababu hiyo kwamba lugha ina irabu tano. Wanaisimu huhesabu saba katika mzizi wa lugha, kwa kuwa zile tuziandikazo i na u kila moja ina mbili ndani yake: moja ya kukaza, ambayo shina la ulimi husukumwa mbele, na moja ya kulegeza. Kitenzi cha kulima shamba na kitenzi cha kuangamiza huandikwa vyote kwa herufi zile zile, erilima, na msemaji havichanganyi hata mara moja; kinachovitenga ni irabu. Tena irabu ya kukaza haikai peke yake, bali huzivuta jirani zake zifanane nayo, jambo liitwalo upatanifu wa irabu, hata kiambishi cha mwanzo kikabadilika sauti kwa ajili ya mzizi unaokifuata. Hapa Mnande aliye mbele ya simu yake hahitaji kuamini mtu. Na ayatamke maneno hayo mawili taratibu, ayarekodi, amwite na bibi yake ayatamke, asikilize: ukurasa unaosema irabu ni tano umekwisha kuhukumiwa na kinywa cha bibi.

Iko na sehemu ambayo kinywa hakitoshi. Kwa muda mrefu vitabu vilisema kwamba irabu a ya Kinande haiguswi na upatanifu huo, kwamba nguvu ya kukaza hupita juu yake ikaenda kwa jirani bila kuibadilisha. Na kwa kweli sikio peke yake huona tabu kuipinga hoja hiyo. Mwaka 2006 Bryan Gick, Douglas Pulleyblank, Fiona Campbell na Mutaka walichapisha katika jarida la Phonology uchunguzi walioufanya kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ya namna ile itumikayo hospitalini kumtazama mtoto tumboni, wakautazama ulimi wenyewe unavyojongea, na ikabainika ya kwamba a nayo hubadilika. Basi makala ya kabla ya mwaka huo, hata iwe ya mtaalamu mwenye jina kubwa, yaweza kuwa imesema lile la zamani, wala si kwa uwongo wala kwa uzembe, bali kwa kuwa ulimi wenyewe ulikuwa haujatazamwa kwa chombo cha namna hiyo. Na ziko kurasa za leo zinazolinakili la zamani kana kwamba hakuna lililotokea baadaye. Kwa hiyo tarehe nitakayo msomaji aitazame si ile ya ukurasa kuwekwa mtandaoni, ambayo hubadilika kwa kugusa kitufe, bali ni tarehe ya ushahidi ambao ukurasa umeusimamia.

Linalofuata ni majina, na hapa wanafunzi wetu hupoteza faida kubwa. Mpaka uliochorwa na wakoloni umekata hata matokeo ya utafutaji. Kitalinga cha Kamango na Lubwisi ya Bundibugyo ni lugha moja, lakini atafutaye kwa jina la kwanza huona machache, na atafutaye kwa jina la pili huona yaliyoandikwa kwa Kiingereza upande wa Uganda. Kinande na Lukonzo nazo ni ndugu wa karibu mno, lakini yaliyoandikwa kwa Kifaransa yamekaa chini ya jina la Nande, na ya Kiingereza yamekaa chini ya Konzo, Konjo au Rukonjo, na mengine yamekaa chini ya Yira. Dawa yake ni zile alama za herufi tatu zilizowekwa na kanuni ya kimataifa iitwayo ISO 639-3 mwaka 2007: tlj kwa Kitalinga na Lubwisi pamoja, nnb kwa Kinande, koo kwa Lukonzo, na swc kwa Kiswahili cha Kongo. Aandikaye alama hizo katika kisanduku cha kutafutia hupata aghalabu yale aliyoyakosa kwa jina. Kadhalika asishtuke akikuta Kinande kimeitwa D42 mahali pamoja na JD42 mahali pengine; ya kwanza ni ya Malcolm Guthrie wa London, aliyezigawa lugha za Kibantu kwa kanda, na ya pili imeongezewa herufi ya ile kanda ya J waliyoianzisha baadaye wanazuoni wa Tervuren, Ubelgiji. Vyanzo viwili vinavyotofautiana hivyo havipingani.

Kuhusu hazina kubwa za lugha zote za dunia, nitasema kwa ufupi. Ethnologue, iliyoanza mwaka 1951, ni mashuhuri, lakini sehemu kubwa yake sasa hulipiwa, na hesabu zake za wasemaji yafaa zisomwe pamoja na mwaka wa kuhesabiwa kwao, kwa kuwa nyingine ni za zamani ilhali watu wa Beni wamehama na kuhamahama. Glottolog ya Leipzig ni ya bure, na ninaipenda kwa sababu moja: kila isemalo juu ya ukoo wa lugha limefungwa na kitabu au makala iliyolitoa, hata mwanafunzi akaweza kufuata nyuma. WALS, ile atlasi ya miundo ya lugha iliyotoka kama kitabu mwaka 2005 na kuwekwa mtandaoni mwaka 2008, inazitaja lugha zaidi ya 2,600. Lakini kwa lugha nyingi yaliyojazwa ni machache, na nafasi iliyo tupu maana yake ni kwamba hakuna aliyeijaza, si kwamba jambo hilo halimo katika lugha. Kwa asomaye Kifaransa, orodha ya mizizi ya Kibantu iliyotayarishwa Tervuren, iitwayo BLR3, ni mahali pema pa kuanzia, maadamu akumbuke kwamba mizizi ile ni makisio ya wanazuoni juu ya lugha ya kale isiyosikiwa na mtu yeyote aliye hai.

Sasa nigeukie Kiingereza, ambako hali ni kinyume. Mwalimu wa Kamango aliyejifunza Kiingereza darasani kwa saa chache za juma hawezi kukisikia kisemwavyo akajua hapo hapo kwamba sentensi fulani haisemwi hivyo. Kwa hiyo kile kinywa cha bibi kilichomwokoa katika Kinande hakipo hapa. Hana budi kufanya kama walivyofanya wanazuoni wa pwani, ambao kila walipoletewa riwaya waliuliza kwanza imepokewa kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani, hata wafike kwa aliyesikia kwa masikio yake. Somo la mtandaoni lisilo na jina la mtungaji wala la taasisi limekatika mnyororo wake tangu kiungo cha kwanza, hata liwe na rangi nzuri na picha zinazocheza.

Mnyororo ulio imara upo. BBC imekuwa ikisomesha Kiingereza hewani tangu 1943, na masomo yake ya leo ni ya bure. British Council ina kurasa za walimu zenye mipango ya vipindi. TESL-EJ, jarida la walimu wa Kiingereza kwa wageni, limekuwa wazi kwa kila msomaji tangu 1994. VOA ilianza mwaka 1959 kutangaza habari kwa Kiingereza chepesi cha maneno kama 1,500 kilichosomwa polepole, nacho kilikuwa msaada mkubwa kwa wasikilizaji wa Afrika. Lakini Machi 2025 watumishi wa idhaa hiyo karibu wote waliwekwa likizoni kwa amri ya serikali ya Marekani, na matangazo yakanyamaza. Nalitaja hili kwa sababu uimara wa chanzo si usahihi wake tu, bali na kudumu kwake. Mwalimu aliyekwisha kuyahifadhi masomo yale katika kadi yake aliendelea kusomesha, na aliyetegemea kuyafungua kila siku aliachwa mikono mitupu. Ukurasa uliopotea mara nyingine hupatikana bado katika Wayback Machine, ghala la kurasa za zamani lililofunguliwa kwa umma mwaka 2001, mtu akiwa na anwani yake kamili. Kwa hiyo anwani na tarehe ya kusoma viandikwe daftarini siku ile ile.

Na kuna sikio la kuazima. Zipo hazina za maandishi na mazungumzo ya Kiingereza halisi zilizokusanywa kwa ajili ya uchunguzi: ile ya Uingereza, BNC, ina maneno milioni 100, na ile ya Marekani, COCA, imepita bilioni moja. Mwalimu mwenye shaka juu ya fungu fulani la maneno alilolisoma katika tovuti hujiandikisha bure, hulitafuta humo, akaona limetumika mara ngapi, na nani, na katika maandishi ya namna gani. Ikiwa fungu hilo halionekani hata mara moja katika maneno bilioni moja, ana hujja nzito ya kutolisomesha. Asisahau tu kwamba ile ya Uingereza ilikusanywa mwanzoni mwa miaka ya 1990, basi maneno ya simu na mtandao asiyatafute humo.

Usahihi, hata hivyo, ni nusu ya mizani. Nusu ya pili ni kufaa. Somo laweza kuwa sahihi tangu mwanzo hata mwisho na lisimfae mtoto wa Kamango, kwa kuwa mtungaji alimfikiria mtoto mwingine. Yaliyotungwa kwa ajili ya shule za Uganda yana matamshi na mifano iliyo karibu nasi, lakini humchukulia mwanafunzi kuwa amekwisha kusomeshwa hisabati na jiografia kwa Kiingereza tangu udogo. Yaliyotungwa Ufaransa kwa Wafaransa hutahadharisha vizuri juu ya maneno yanayofanana kwa sura na kutofautiana kwa maana, tahadhari ambayo mwanafunzi wetu anaihitaji sana, lakini hupoteza kurasa kwa makosa ya matamshi ambayo yeye hayafanyi. Na yakiwa yametungwa kwa ajili ya Waafrika wote kwa jumla, mara nyingi huwa yametungwa kwa mtu mwenye irabu tano.

Hapo elimu ya kwanza na ya pili hukutana, na hapa ndipo moyo wangu ulipo. Zile irabu mbili za Kiingereza zinazotenga jina la meli na jina la kondoo ni taabu kwa Mswahili wa irabu tano, na tovuti humpa mazoezi ya mdomo kwa majuma. Lakini Mnande anayo i ya kukaza na i ya kulegeza tangu alipoanza kusema, nazo ziko karibu kabisa na hizo za Kiingereza. Mwalimu wa Butembo anayeijua fonolojia ya lugha yake huwaambia watoto wafanye kwa Kiingereza kile wafanyacho katika kitenzi cha kulima na kile cha kuangamiza, na kazi ya majuma huweza kupungua ikawa ya kipindi kimoja. Hakuna tovuti iliyotungwa Manchester inayoweza kumwambia hivyo. Kwa hiyo asemaye kwamba isimu ni anasa ya vyuo vikuu na kwamba mwalimu wa Kiingereza wa kijijini haihitaji, nampinga kwa nguvu zangu zote. Ni yeye anayeihitaji kuliko yeyote, maana bila hiyo hutumia dawa ya ugonjwa usio wake. Na mwalimu wa Kamango aifanye hesabu hiyo hiyo ya irabu kwa Kitalinga, kwa midomo ya wazee wa pale, kabla ya kuchagua somo la matamshi.

Kuna hatari mbili ambazo zimekithiri na zinawanasa watu wazima zaidi kuliko watoto. Ya kwanza ni majarida ya uwongo. Wahadhiri wetu hupandishwa vyeo kwa kuchapisha, na barua huwajia za kuwasifu mno, zikiahidi kuchapisha makala kwa siku chache kwa malipo ya dola. Jarida la namna hiyo halina wasomaji wanaohakiki, na makala iliyomo humo haina uzito zaidi ya ile isiyochapishwa. Jeffrey Beall wa Denver aliwahi kuwa na orodha ya wachapishaji wa kutiliwa shaka, lakini aliiondoa Januari 2017. Linalobaki ni kutazama upande wa pili, yaani orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, DOAJ, iliyoanza mwaka 2003. Kwa isimu, makala zilizo bado njiani huwekwa na waandishi wenyewe LingBuzz, na za fonolojia nyingi zimo katika hazina ya Chuo Kikuu cha Rutgers tangu 1993. Humo ni bure na waandishi ni wa kweli, ila makala hizo zisomwe kama hoja iliyotolewa, si kama hukumu iliyokwisha kupita.

Ya pili ni programu za kujibu maswali, zilizoenea tangu mwisho wa mwaka 2022. Zinaandika Kiingereza safi, na mwalimu akitaka zimtungie mazoezi kumi ya kusoma, zitamsaidia. Sioni haya kusema hivyo. Lakini zikiulizwa vyanzo huweza kutaja kitabu kisichokuwapo kwa jina la mwandishi aliyepo, na mwaka, na ukurasa; na zikiulizwa juu ya lugha yenye maandishi machache, hujaza pengo kwa kilichofanana na jirani yake. Kipimo kiko mkononi mwa kila mtu wa Kivu: na aiulize programu sentensi tano za Kinande au za Kitalinga azijuazo yeye mwenyewe, aone inavyojibu kwa uhakika ule ule iwe imepata au imekosa. Uhakika wa sauti yake, basi, usihesabiwe kuwa dalili ya kitu chochote, hata inaponena juu ya Kiingereza.

Kuhusu gharama, ambayo huku si jambo dogo, Kiwix ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2007 inayomwezesha mtu kupakua Wikipedia nzima, au sehemu yake bila picha, mara moja mahali penye mtandao mzuri, kisha kuisoma shuleni bila megabaiti hata moja; kompyuta moja yenye umeme wa jua yaweza kuzigawia simu za darasa zima. Wikipedia yenyewe isomwe kuanzia chini: tanbihi kwanza, maelezo baadaye, na palipo na madai bila tanbihi pachukuliwe kuwa ni tetesi.

Limebaki moja, nalo ni kwamba juu ya Kitalinga mtandao una machache mno ya kupimwa, na wenye kuyaongeza ni wale wale walio Kamango. Anayerekodi hadithi ya mzee na afanye hivyo kwa faili la WAV lisilobanwa, si la MP3, maana mwanafonolojia wa kesho atahitaji zile sauti nyembamba ambazo ubanaji huzitupa. Mwanzoni mwa rekodi aseme kwa sauti tarehe, kijiji, umri wa msemaji na lugha alizokulia nazo, na idhini ya msemaji nayo isikike humo humo, pamoja na mipaka yake, kwa kuwa katika nchi iliyopitia vita jina la kijiji peke yake laweza kumdhuru mtu, na msemaji akitaka jina lake lifichwe, lifichwe. Faili hilo, likiandikwa alama ya tlj, laweza kuwekwa bila malipo katika ghala la Zenodo, lililofunguliwa na CERN mwaka 2013, nalo hupewa anwani ya kudumu ambayo mwanafunzi wa Bundibugyo au wa Leipzig ataweza kuitaja katika kazi yake, jina la aliyekusanya likitangulia.